Mpiga Picha, Machweo na Maji ya Ziwa Nyasa

Katika ufuko wa Chembe, kwenye Rasi ya Maclear kusini mwa Ziwa Nyasa nchini Malawi, jua huzama upande wa maji. Mbele ya kijiji kuna Kisiwa cha Thumbi West; si mbali na hapo kuna Domwe; na mbali zaidi, takriban kilomita 10 kutoka ufukoni, kuna Mumbo, kisiwa kidogo cha mawe makubwa ya mviringo na miti iliyong'ang'ania nyufa za miamba. Eneo hili limo katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi, iliyoanzishwa mwaka 1980 na kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1984, hasa kwa ajili ya mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingineko. Wapiga picha wa mandhari nao wana sababu zao za kuja hapa: mibuyu, furukombe juu ya matawi makavu, mitumbwi ya wavuvi, na maji maangavu yanayoonyesha kokoto zilizo chini yake.

Wengi wao huvuka kwa kayaki, chombo chembamba kilichobuniwa na Wainuiti wa nchi za barafu kwa ajili ya uwindaji wa baharini, ambacho siku hizi hutengenezwa kwa plastiki na kuendeshwa kwa kasia lenye bapa kila upande. Kayaki haina kelele wala moshi. Hufika katika vihori ambavyo boti ya injini haiwezi kuingia, na humweka mpiga picha karibu sana na uso wa maji, mahali ambapo jiwe la kawaida huonekana kama mlima.

Safari ya usiku mmoja ya namna hii ni furaha kwa mwili na faraja kwa akili. Hata hivyo ina hatari zake. Baadhi ni za papo hapo na kila msafiri huzitambua: upepo, jua kali, mbu. Ipo nyingine isiyo na sauti wala maumivu, ambayo hujitokeza nyumbani wiki au miezi kadhaa baada ya picha kutazamwa na kusifiwa. Hatari hiyo ni kichocho.

Safari ya usiku mmoja

Msafiri mwenye busara huondoka asubuhi, ziwa likiwa shwari. Katika miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki ambao wenyeji huuita Mwera huweza kuvuma kwa siku mfululizo na kuinua mawimbi makubwa. Mabaharia wa pwani ya Uswahilini wangeutambua mara moja kuwa ni ndugu wa kusi. Kwa mwendo wa wastani, kilomita 10 huhitaji saa mbili au zaidi za kupiga kasia, na mzigo wa hema, maji ya kunywa, chakula na vifaa vya picha huongeza muda huo.

Ndani ya kayaki stendi ya miguu mitatu haina kazi, kwa kuwa chombo kizima hutikisika. Mpiga picha hulazimika kutumia kasi kubwa ya kufungua na kufunga lenzi, mathalani sehemu moja ya mia tano ya sekunde au chini ya hapo, na kuiweka kamera katika mfuko usiopitisha maji kila anapomaliza. Hapa ndipo kosa la kwanza hutendeka. Jaketi la kuokolea maisha hubana mabega na kuzuia mikono isiinue kamera kwa wepesi. Hivyo huvuliwa na kuwekwa miguuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Jaketi lililo miguuni halimsaidii mtu ambaye kayaki yake imepinduka huku mikono yake ikiwa imeshika kamera.

Baada ya kufika kisiwani, hema hupigwa, chai huchemshwa, na mchana hupita kivulini. Kazi yenyewe huanza jioni. Kabla ya machweo mwanga huja ukiwa umelala, hupaka miamba rangi ya asali, na mwishoni mwa kiangazi moshi wa mashamba yanayochomwa hulifanya jua kuwa duara jekundu lisiloumiza macho. Usiku taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa ziwani kama nyota zilizoshuka. Alfajiri ukungu mwepesi hukaa juu ya maji, na mitumbwi hurejea. Mpiga picha mzuri hulala kidogo sana.

Dakika ishirini za haraka

Katika nchi za kaskazini, machweo ya kiangazi huchukua muda mrefu, kwa kuwa jua hushuka kwa mshazari. Katika ukanda wa tropiki jua hushuka karibu wima. Rasi ya Maclear ipo kwenye latitudo ya takriban nyuzi 14 kusini, na utusitusi wake hudumu dakika ishirini na kitu tu kabla ya giza kutanda. Mgeni aliyezoea jioni ndefu hushtukia mwanga unamponyoka.

Haraka hiyo ndiyo chanzo cha kosa la pili. Picha ya mandhari huhitaji kitu cha karibu kinachompa mtazamaji mahali pa kuanzia: jiwe, mzizi, au mikunjo ya mchanga chini ya maji. Mpiga picha huvua viatu, hukunja suruali, huingia majini hadi magotini na kusimika stendi yake kwenye mchanga. Kisha husubiri. Kwa kuwa anataka mawimbi yaonekane laini kama hariri, lenzi huachwa wazi kwa sekunde kadhaa kwa kila picha, naye hathubutu kusogea. Nusu saa hupita akiwa amesimama katika maji ya kina kifupi, yaliyotulia na yenye uvuguvugu.

Maji ya kina kifupi, yaliyotulia na yenye uvuguvugu ndiyo makazi ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho.

Konokono, samaki na binadamu

Kichocho cha mkojo husababishwa na minyoo iitwayo kwa jina la kitaalamu *Schistosoma haematobium*, ambayo daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliitambua mjini Kairo mwaka 1851. Mtu aliyeambukizwa hutoa mayai kupitia mkojo. Yai likifika majini huanguliwa, na kimelea kinachotoka humo humtafuta konokono wa jenasi ya *Bulinus*. Baada ya kuongezeka ndani ya konokono kwa wiki kadhaa, vimelea hutoka kwa maelfu vikiwa katika umbo liitwalo sekaria, lenye mkia uliogawanyika. Sekaria huogelea, humpata binadamu na kupenya ngozi yake nzima, isiyo na jeraha, kwa muda wa dakika chache tu. Mara nyingi mtu hahisi chochote.

Vimelea hivi navyo vina saa zao za mwanga. Sekaria za aina hii hutoka kwa wingi zaidi mchana, jua likiwa kali, wakati ambao watu wengi huoga na kufua. Kwa hiyo mpiga picha anayefanya kazi alfajiri na jioni ana nafuu kidogo kuliko anayeogelea adhuhuri. Nafuu hiyo isimpe mtu kiburi: sekaria huweza kuishi majini kwa siku moja hadi mbili, na zilizotoka mchana bado zipo jua linapozama.

Zamani iliaminika kwamba fukwe za wazi za Ziwa Nyasa, zenye mchanga msafi na zisizo na majani, hazikuwa na hatari. Mwaka 1992 Wamarekani wawili waliokuwa wakifanya kazi za kujitolea nchini Malawi waliugua kichocho cha mfumo wa fahamu baada ya kuogelea katika Rasi ya Maclear, na uchunguzi uliofuata uliwakuta konokono wenye maambukizi hapo hapo. Baadaye watafiti walithibitisha kwamba, mbali na *Bulinus globosus* apendaye maji yaliyojificha yenye mimea, kuna *Bulinus nyassanus* aishiye kwenye mchanga wa fukwe za wazi. Uangavu wa maji si cheti cha usalama.

Kwa nini konokono waliongezeka? Maelezo yaliyotolewa na watafiti yanamhusu samaki. Ziwa hili lina samaki wenye taya imara za kuvunjia magamba ya konokono, mmoja wao akiitwa *Trematocranus placodon*. Nyavu za karibu na ufuko zilipowapunguza samaki hao, konokono walikosa adui. Hifadhi ya taifa hulinda ukanda wa maji wa mita 100 kuzunguka visiwa vyake. Kwa maana hiyo sheria ya uvuvi ni sehemu ya kinga ya afya. Mpiga picha anayelipa ada ya hifadhi na kuheshimu mipaka yake huchangia kinga hiyo, ajue asijue.

Si mara ya kwanza kwa mandhari haya kuficha ugonjwa. Mwaka 1875 wamisionari wa Kanisa Huru la Uskoti walianzisha kituo chao cha Livingstonia katika Rasi ya Maclear. Malaria iliwaandama, na mwaka 1881 kituo kilihamishiwa Bandawe. Makaburi ya waliofia hapo yapo hadi leo. Walikufa kabla Ronald Ross hajaonyesha, mwaka 1897, kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na kabla Robert Leiper hajathibitisha nchini Misri, mwaka 1915, kwamba kichocho hupitia kwa konokono. Wao hawakuwa na njia ya kujua. Msafiri wa leo anayo.

Kabla ya kupiga kasia

Kichocho hakina chanjo, wala hakuna dawa inayopendekezwa kumezwa ili kukizuia. Kinga ni kuepuka kugusana na maji yenye maambukizi, na mtu wa kayaki anaweza kufanya mengi katika hilo.

Sehemu hatari zaidi ni ukingo, mahali pa kupandia na kushukia. Katikati ya ziwa, penye kina kirefu, hatari hupungua sana. Viatu virefu vya mpira, au suruali ya mpira inayofika kifuani kama wavaayo wavuvi wa nchi za baridi, humwezesha mpiga picha kusimama majini bila ngozi yake kuguswa. Asiye navyo atafute jiwe kavu na kuishusha kamera hadi karibu na maji kwa miguu mifupi ya stendi. Stendi inaweza kuingia majini. Mwenye stendi hana lazima. Aliyelowa kwa bahati mbaya ajikaushe upesi kwa taulo kwa kusugua kwa nguvu. Hatua hiyo inaweza kupunguza maambukizi, ila isitegemewe kama kinga.

Maji ya kuoga kambini yapashwe moto hadi nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika tano, au yahifadhiwe kwenye chombo kwa siku mbili ili sekaria zife. Maji ya kunywa yachemshwe. Haja ndogo na kubwa zifanyike chooni au mbali na ziwa, kwa kuwa mgeni mwenye minyoo asiyejijua naye hulisha mzunguko uleule kwa mkojo wake.

Kuhusu malaria, mbu aina ya anofelesi huuma zaidi kati ya machweo na macheo, saa zilezile ambazo mpiga picha huketi kimya kando ya stendi yake. Mikono mirefu, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu na hema lenye wavu ni vifaa vya kazi kama ilivyo lenzi. Msafiri anayetoka mahali pasipo na malaria azungumze na mhudumu wa afya kuhusu dawa za kinga kabla ya kuondoka. Anayetumia doksisaikilini akumbuke kwamba dawa hiyo huifanya ngozi iungue kwa urahisi juani, na uso wa ziwa huurudisha mwanga wa jua mwilini kama kioo.

Wagonjwa wa muda mrefu hawakatazwi kusafiri, ila wanahitaji ushauri wa daktari anayewatibu. Mwenye kifafa asipande kayaki peke yake, na daktari aamue kwanza kama ugonjwa umedhibitiwa vya kutosha. Mwenye selimundu ajihadhari na uchovu mkubwa, kiu na baridi ya alfajiri baada ya nguo kulowa, kwa kuwa mambo hayo huweza kuamsha maumivu makali. Mwenye kisukari agawe dawa na chakula chake katika mifuko miwili, ili kimoja kikizama kingine kibaki, na insulini isiachwe juani ndani ya kayaki.

Baada ya kurejea nyumbani

Dalili ya kwanza, ikitokea, ni muwasho au vipele vidogo mahali maji yalipogusa, ndani ya saa au siku chache. Wiki mbili hadi kumi na mbili baadaye baadhi ya watu, hasa wageni ambao miili yao haijawahi kukutana na minyoo hii, hupata homa, kikohozi, uchovu, maumivu ya misuli na vipele vya ngozi. Hali hiyo huitwa homa ya Katayama na hufanana sana na malaria. Kila mwenye homa aliyetoka eneo la malaria apimwe malaria bila kuchelewa. Lakini kipimo kikionyesha kuwa hana, na damu ikionyesha ongezeko la chembe nyeupe aina ya eosinofili, swali la maji liulizwe. Baadaye zaidi huja damu katika mkojo na maumivu wakati wa kukojoa. Kichocho kisichotibiwa huweza kudhuru kibofu na figo, kuleta majeraha katika via vya uzazi vya wanawake, na kuongeza hatari ya saratani ya kibofu. Udhaifu wa ghafla wa miguu, au kushindwa kukojoa, kwa mtu aliyewahi kuingia katika maji hayo ni dharura ya rufaa.

Swali la maji linahitaji tarehe. Prazikwanteli, dawa inayotibu kichocho kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa. Minyoo michanga huweza kupona. Aliyemeza dawa wiki ya kwanza baada ya safari anaweza kudhani ametibiwa ilhali sivyo. Vipimo navyo vina wakati wake: kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili hufaa wiki 6 hadi 12 baada ya kugusana na maji kwa mara ya mwisho, na mayai huchukua muda kama huo au zaidi kuonekana katika mkojo. Sampuli ya mkojo ichukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Sampuli moja isiyo na mayai haitoshi kumtoa mtu katika shaka.

Wagonjwa wengi husahau tarehe. Mpiga picha hana udhuru huo. Kila picha ya kamera au simu huhifadhi ndani yake siku na saa ilipopigwa, na mara nyingi hata mahali. Mhudumu wa afya anayechukua historia ya mgonjwa anaweza kumwomba afungue picha za safari: hapa ulisimama wapi, maji yalifika wapi, na picha ya mwisho majini ni ya lini? Kutokana na jibu hilo siku ya kupima na siku ya kumeza dawa hupangwa kwa uhakika. Msafiri naye arekebishe saa ya kamera yake kabla ya kuondoka, akikumbuka kwamba saa za Malawi ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa moja.

Wanaobaki ufukoni

Katika picha nyingi za Chembe kuna watu: mwanamke anayesuuza vyombo, watoto wanaoruka kutoka kwenye jiwe, kijana anayevuta wavu akiwa majini hadi kiunoni. Mpiga picha muungwana huomba ruhusa kabla ya kuwapiga. Inampasa pia atambue tofauti iliyopo kati yake na wao. Yeye anaweza kuchagua jiwe kavu. Wao wataingia majini kesho na keshokutwa, kwa kuwa ziwa ndilo bomba lao, bafu lao na shamba lao.

Hali hiyo haiishii Malawi. Maji ni hayohayo yanayofika Kyela, Ludewa na Wilaya ya Nyasa upande wa Tanzania. Unguja na Pemba zimepambana na kichocho cha mkojo kwa miongo mingi, na wakazi wa kando ya Ziwa Victoria hupambana na kichocho cha tumbo. Duniani kote watu zaidi ya milioni 250 walihitaji tiba ya kinga mwaka 2021, walio wengi wakiwa barani Afrika. Dawa inayogawiwa shuleni hupunguza minyoo na madhara yake, lakini mtoto aliyetibiwa na kurudi katika maji yaleyale huambukizwa tena, mpaka kuwe na choo, bomba na samaki wa kutosha wa kula konokono.

Mzazi anayesoma haya na ambaye mtoto wake anakojoa damu asiichukulie kuwa dalili ya kawaida ya kukua, kama inavyodhaniwa katika baadhi ya jamii za kandokando ya maji. Ampeleke kituo cha afya. Dawa ipo, humezwa mara moja, na ikitolewa mapema kibofu huweza kurudi katika hali yake.

Naye mpiga picha, akiisha kukunja hema alfajiri na kufunga kamera yake katika mfuko mkavu, avae jaketi, avae viatu vya mpira, kisha ndipo aisukume kayaki majini. Mwanga wa asubuhi utamngoja dakika mbili hizo.